Msafara, Jahazi na Gari-Nyumba: Tarikhi ya Mwendo katika Pwani ya Ruvuma

Katika pwani ile inayoanzia ghuba ya Mikindani na kushuka kusini, kupita Mtwara na Msimbati, hata mlango wa mto Ruvuma, watu wa zamani walizijua namna mbili za kusafiri mbali, nazo zilihitilafiana si kwa mwendo peke yake bali kwa jambo lililo zito zaidi, ambalo ni mahali pa mzigo. Aliyesafiri baharini aliingia chomboni pamoja na chakula chake, maji yake, jiko lake na mkeka wake wa kulalia, upepo ukamchukua yeye na vyote alivyo navyo kwa pamoja. Ilhali aliyesafiri bara alikwenda mikono mitupu, na mali yake ikamfuata nyuma juu ya vichwa na mabega ya watu wengine. Wa kwanza alikaa ndani ya mzigo wake. Wa pili aliuburura.

Siku hizi wazee waliostaafu katika nchi za Ulaya, Marekani na Afrika Kusini, ambao huitumia pensheni yao kuzunguka dunia kwa magurudumu, hujadiliana kwa bidii kubwa kama ni bora kuvuta karavani nyuma ya motokaa, kama walivyofanya walipokuwa na nguvu, au kuiuza na kununua gari-nyumba, ambamo injini na kitanda vimo katika chombo kimoja. Kwao shauri hilo ni la juzi. Kwa pwani ya Ruvuma ni la kale, nayo imekwisha kulijaribu kwa meli, kwa ngamia, kwa wapagazi na kwa reli, hata mtu akiitazama tarikhi ya mahali hapo kwa utulivu huona kwamba majibu yamekwisha kutolewa mara nyingi, ingawa waliopewa hawakuyapenda sikuzote.

Natuanze na msafara wa bara. Katika karne ya 19 Wayao, waliokuwa mabingwa wa biashara ya masafa marefu katika nchi za kusini, waliteremka kila kiangazi kutoka ng'ambo ya Ruvuma na pande za Ziwa Nyasa kuja Kilwa Kivinje, Lindi na Mikindani, wakileta pembe za ndovu, nta, tumbaku na, kwa msiba wa zama zile, watumwa. Kisha wakarudi na merikani, kaniki, ushanga, chumvi, bunduki na baruti. Mzigo wa mpagazi ulipimwa kwa frasila, na aghalabu haukuzidi frasila mbili, yaani ratili 70 hivi. Wala mtu asidhani kwamba kipimo hicho kilitokana na huruma, kwa kuwa kilitokana na hesabu: mpagazi aliyelemewa huchelewesha wote walio nyuma yake katika njia isiyotosha watu wawili sambamba. Mbele alikwenda kirongozi. Wanyapara walisimamia nidhamu na kugawa posho. Na kila penye kijiji kikubwa pakawa na mazungumzo ya hongo, ya maji na ya mahali pa kupiga kambi.

Hesabu ya msafara ilikuwa na ukatili wake wa ndani. Mtu anayebeba mzigo hula, na chakula chake ama kinunuliwe njiani kwa nguo na ushanga, ambavyo navyo lazima vibebwe na mtu mwingine, ama kichukuliwe tangu mwanzo juu ya kichwa cha mtu mwingine tena, ambaye naye atakula. Hivyo kadiri safari ilivyorefuka ndivyo mkia wake ulivyozidi kurefuka kuliko safari yenyewe. Palipokosekana ujira, palitumika mnyororo, na mara nyingine pembe ililetwa pwani na mwanadamu ambaye mwenyewe alikuwa bidhaa. Mkataba wa mwaka 1873, ambao Seyyid Barghash wa Unguja alilazimika kuutia sahihi, ulifunga masoko ya watumwa na kuharimisha kuwasafirisha kwa bahari, lakini njia za bara hazikunyamaza siku ile ile, na aliyezitawala njia aliendelea kuwa mtu mkubwa. Miongoni mwa hao alikuwa Machemba, mkuu wa Wayao katika nyanda za juu za Makonde, ambaye mwaka 1890 aliwajibu Wajerumani kwa barua ya Kiswahili kwamba hatakwenda kuwatii, na ambaye hakutoka katika nchi ile mpaka mwaka 1899, alipovuka Ruvuma kwenda upande wa Wareno.

Amma jahazi, lenyewe lilikuwa na adabu nyingine. Lilifuata kaskazi na kusi, likachukua shehena ambayo msafara mzima usingeweza kuibeba, na ndani yake mabaharia walipika juu ya jiko la sanduku lililojazwa mchanga, wakala, wakalala na kuswali bila ya kumwomba mtu yeyote ruhusa ya kupita. Lakini kila nahodha aliyeingia Mikindani au aliyekaribia mlango wa Ruvuma alijua pia aibu ya chombo kikubwa, nayo ni kwamba hakifiki. Mikoko, mafungu ya mchanga na maji yanayokupwa mbali sana humsimamisha kwenye nanga hali anauona mji kwa macho, na hapo hulazimika kushusha mashua, au kuwaita wenye hori na mitumbwi wa mahali pale, wachukue shehena na abiria kwa ujira mpaka nchi kavu. Huo ndio utaratibu ambao kila mgeni aliyekuja baadaye na chombo kipya alijaribu kuukwepa.

Aliyejaribu kwa uwazi kuliko wote alikuwa Dokta David Livingstone, ambaye ndani ya miaka mitano aliujia mto huu kwa namna zote mbili. Mwezi wa Machi 1861 aliingia Ruvuma kwa stima iitwayo Pioneer, iliyojengwa Uingereza na serikali kwa ajili ya kazi yake, akiwa pamoja na Askofu Charles Mackenzie na watu wa misheni yake. Hii ilikuwa nyumba yenye kujiendesha kwa kila maana: vitanda, chakula, dawa, vitabu na mtambo wa mvuke vyote vimo ndani. Ilikuwa imeagizwa iweze kupita katika maji ya futi tatu, nayo ikawa inazama futi tano, na futi mbili hizo zilizozidi ndizo zilizoamua mambo. Kwani baada ya kupanda maili 30 hivi maji ya mto yalianza kushuka, ikawalazimu kugeuka upesi wasije wakakwama juu ya mchanga mpaka mvua za mwaka ufuatao. Septemba 1862 alirudi na Dokta John Kirk na wenzake, na safari hii, akiwa amekwisha kufunzwa, aliiacha stima nyuma, akapanda kwa mashua zaidi ya maili mia moja, hata miamba na maporomoko yakamzuia. Yaani chombo kidogo kilichotoka katika tumbo la kikubwa kilifika mahali ambapo kikubwa hakingefika kamwe.

Mara ya tatu aliiacha bahari akaja na msafara. Alitoka Unguja tarehe 19 Machi 1866 katika manowari ya Penguin, akifuatana na jahazi lililochukua wanyama: ngamia sita, nyati watatu na ndama mmoja, nyumbu wawili na punda wanne. Nyati aliwaleta kutoka Bara Hindi makusudi, apate kujua kama wataweza kuishi wakiumwa na mbung'o. Watu walikuwa sipahi wa Kihindi, wanaume wa Anzuani, vijana waliosomeshwa Nasik huko Bara Hindi, na wengine ambao majina yao yangejulikana baadaye, kama Chuma na Susi. Mlangoni mwa Ruvuma ngamia hawakuweza kuteremshwa kwa sababu ya mikoko na matope, ikabidi warudi kaskazini kidogo hadi ghuba ya Mikindani, na huko ndiko walikotia mguu nchi kavu tarehe 24 Machi.

Mambo yaliyofuata yanastahili kuzingatiwa na kila mtu anayefikiri kununua chombo kirefu cha kwenda porini. Njia za Makonde zilikuwa zimekatwa kwa kimo cha mtu, na mtu mwenye mzigo kichwani hupita kwa kuinama. Ngamia haoni maana ya kuinama. Ilimlazimu Livingstone kuwaajiri vijana wa Kimakonde watangulie wakifyeka vichaka na kukata matawi ya juu, ili mnyama aliyeletwa kuwapunguzia watu kazi apate pa kupita. Wanyama walilemewa, wakapigwa, wakaumwa na nzi, na wengi wakafa njiani. Sipahi walichoka wakarudishwa pwani. Na tarehe 8 Agosti 1866, alipofika kwenye Ziwa Nyasa, alikuwa amekwisha kuwa msafiri wa miguu kama Wayao waliomtangulia katika njia zile zile.

Hapa tarikhi inafungamana kwa namna ya ajabu. Katika zama hizo manowari ile ya Penguin ilikuwa ikiwinda majahazi ya watumwa katika pwani ya Msumbiji, na miongoni mwa matabibu waliopata kutumika ndani yake alikuwamo kijana wa Uskoti aitwaye William Gordon Stables. Afya yake ilipoharibika aliacha utumishi wa bahari katika miaka ya 1870, akakaa katika kijiji cha Twyford huko Uingereza, akiishi kwa kalamu na kuandika visa vya bahari kwa ajili ya vijana. Mwaka 1885 aliwaagiza mafundi wa Bristol wamjengee gari la mbao, zito karibu tani mbili, lenye kitanda, jiko, kabati za vitabu na madirisha, likokotwe na farasi wawili. Akaliita Wanderer, akalieleza kuwa ni jahazi la nchi kavu, akasafiri nalo kutoka Twyford hadi Inverness kaskazini mwa Uskoti. Wanaohifadhi habari za karavani za matembezi wanamhesabu kuwa wa kwanza kujengesha gari la namna hiyo kwa ajili ya raha, na mwaka 1907 lilipoundwa shirika la wenye karavani nchini Uingereza, alifanywa makamu wa rais wake.

Kwa hiyo asili ya nyumba za magurudumu za wastaafu ina sehemu yake katika maji yetu, kwa maana aliyezianzisha alikuwa baharia mstaafu aliyetaka kuishi barabarani kama alivyoishi chomboni. Hata hivyo hakuweza kwenda peke yake. Alikuwa na mwendesha farasi, na alikuwa na mtumishi aliyetangulia juu ya baiskeli ya magurudumu matatu kutazama kama njia ni wazi na kuwaonya wanaokuja. Kirongozi wa Kiyao angemtambua mara moja kuwa mwenzake wa kazi.

Yaliyofuata Ulaya yanaelezeka kwa ufupi. Motokaa ilipochukua nafasi ya farasi, nyumba na nguvu ziliendelea kutengana: kiwanda cha Eccles cha Birmingham kilianza mwaka 1919 kujenga karavani za kuvutwa na motokaa, na kwa miongo mingi hilo ndilo lililokuwa tela la mapumziko la watu wa kati. Kisha mwaka 1951 kiwanda cha Westfalia cha Ujerumani kikaanza kutia vitanda na jiko ndani ya magari ya Volkswagen, na jambo la kukaa, kupika na kuendesha katika chombo kimoja likawafikia watu wasio matajiri.

Pwani ya Ruvuma, kwa upande wake, haikupitia mabadiliko hayo kwa utaratibu huo. Wajerumani walijenga Boma la Mikindani mwaka 1895, wakaleta ushuru na maakida, lakini mzigo uliendelea kukaa kichwani. Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho ya Leipzig, alipozunguka Lindi, Masasi na Newala mwaka 1906, wakati majivu ya vita vya Maji Maji yangali moto, alibebewa kamera, sahani za picha na vyombo vya kunasia sauti na wapagazi. Vita Vikuu vya Kwanza vilizidisha mizigo hiyo. Tarehe 25 Novemba 1917 Jenerali von Lettow-Vorbeck, mkuu wa jeshi la Wajerumani, alivuka Ruvuma kwenye mkutano wake na mto Lugenda, pale Ngomano, akiwa na askari 2,000 hivi na wapagazi wengi kuwapita. Na kabla ya kuvuka aliwaacha nyuma, katika nyanda za Makonde, wagonjwa na majeruhi na wote ambao chakula hakikuwatosha. Kwa wakuu wa majeshi hiyo ilikuwa hesabu ya posho. Kwa maelfu ya vijana wa Kiafrika waliokamatwa na pande zote mbili kubeba mizigo ya vita isiyo yao, ilikuwa mauti.

Baada ya vita hivyo lori liliingia polepole katika njia za kusini, na miaka thelathini baadaye ukaja mradi wa karanga. Kuanzia mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilikusudia kufyeka pori la Kongwa, Urambo na Nachingwea kwa mashine, na kwa ajili ya Nachingwea ikaamriwa ijengwe reli, na katika ghuba ya Mtwara, yenye maji mengi hata kando ya nchi, ijengwe bandari ya kufunga meli kubwa gatini. Mradi ulikufa Januari 1951 baada ya kumeza paundi milioni 36 hivi. Gati likakamilika mwaka 1954, wakati karanga zilizolengwa zilikuwa zimekwisha kuwa masimulizi. Na reli, iliyobaki ikivuta mabehewa yasiyo na cha kubeba, ilifungwa mwaka 1962. Mkia wa chuma haukulishwa, ukafa kama mkia wa watu unavyokufa usipolishwa. Iliyosalimika ni bandari, ambayo korosho za Newala, Tandahimba na Masasi ziliipa riziki iliyokosekana kwenye karanga.

Hata baada ya uhuru, kusini ilibaki mbali. Mto Rufiji uliikata njia ya Dar es Salaam, na masika yalipoanza, kivuko na matope vilimweka abiria wa Mtwara njiani kwa siku asizoweza kuziahidi. Daraja lililokuja kuitwa kwa jina la Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso huko Masasi, lilifunguliwa mwaka 2003, lenye urefu wa karibu kilomita moja. Kwenye Ruvuma, Mwalimu Nyerere na Samora Machel walikuwa wamewaza daraja tangu mwaka 1975, lakini lilifunguliwa tarehe 12 Mei 2010 na Marais Kikwete wa Tanzania na Guebuza wa Msumbiji, kati ya Mtambaswala na Negomano, katika sehemu zile zile alikovukia von Lettow-Vorbeck. Nalo ni la mita 720.

Karibu na bahari, hata hivyo, hakuna daraja. Pale Kilambo mvukaji alitegemea kivuko, na kivuko kilitegemea maji kujaa, kwa hiyo wageni waliotoka kusini na magari yao, na miongoni mwao wazee waliostaafu, walijifunza kuulizia siku za bamvua kama wavuvi. Waliokwisha kuvuka walipumzika Mikindani, ambako Boma la Wajerumani limekarabatiwa likawa hoteli. Tangu machafuko yaanze Cabo Delgado, upande wa Msumbiji, mwezi wa Oktoba 2017, na hasa baada ya mji wa Palma kushambuliwa Machi 2021, njia hiyo ya pwani imekuwa ya hofu, na wageni wa namna hiyo wamekuwa adimu.

Sasa turejee kwenye shauri la wazee. Mwenye kuvuta karavani husumbuliwa na mambo ambayo umri huyazidisha: kurudi nyuma na tela linalokataa kufuata usukani, kuinama mvuani kufunga na kufungua ndoano, kusawazisha miguu ya nyumba kila jioni, na kuvuta uzito juu ya mchanga ambao gari peke yake lingeupita. Gari-nyumba humwondolea hayo yote. Akichoka husimama, na kutoka kwenye usukani hadi kitandani ni hatua tatu, wala hafungui mlango. Lakini akitaka samaki sokoni Mikindani hana budi kuihamisha nyumba nzima. Vichochoro vya mji mkongwe havimpokei. Matawi ya miembe hugusa dari lake kama yalivyomgusa ngamia. Mchanga wa kuelekea Msimbati humdai kwa kila ratili aliyopakia, kama mto ulivyoidai Pioneer futi zake mbili. Na injini ikiharibika, yeye na kitanda chake huenda gereji pamoja. Mwenye tela, kwa upande wake, huiacha nyumba kambini akaenda na gari jepesi.

Wastaafu wa kwetu, ambao ni wengi kuliko hao wageni, hawamo katika ubishi huu. Mtumishi aliyemaliza kazi Dar es Salaam au Arusha, naye ni mzaliwa wa Newala au Mikindani, safari yake ya kustaafu ni moja, nayo ni ya kurudi. Kiinua mgongo chake hujenga nyumba iliyotiwa msingi wa mawe, makabati yake hutangulia kwa lori, na yeye hufuata kwa basi. Mzigo njia moja na mtu njia nyingine: huo ni msafara ulioondolewa mateso, na Daraja la Mkapa limeufanya, kwa atokaye Dar es Salaam, uwe wa siku moja.

Hakuna anayepaswa kuulilia mkia wa zamani, kwa sababu ulikuwa wa jasho lisilolipwa na, kwa wengi, wa minyororo. Na kila chombo kilichowaondolea watu mizigo vichwani kimetenda wema. Lakini ukiwatazama pamoja nahodha wa jahazi, Livingstone, baharia wa Twyford na mzee wa gari-nyumba, utaona kwamba wote walitamani chombo kitakachowafikisha bila ya kumhitaji mtu, na wote walifikishwa na watu: wenye hori, wafyekaji wa Kimakonde, mtangulizi wa baiskeli, mabaharia wa kivuko cha Kilambo, na leo kijana wa bodaboda anayempeleka mgeni sokoni huku nyumba yake imeegeshwa kwenye barabara kuu. Wenye majahazi walilikubali jambo hilo mapema, wakabeba mashua juu ya chombo na fedha ya ujira mfukoni. Mstaafu anayetaka kufika kusini na achague gari-nyumba kama mgongo wake unamwambia hivyo, maana ni chaguo la haki. Ila katika hesabu yake ya mafuta na matengenezo atie na fungu la hatua ya mwisho, ambayo katika pwani hii imekuwa sikuzote kazi ya wenyeji, na sikuzote imestahili kulipwa.